Milimita Saba

Trei 40 zilikuwa zimeegeshwa ukutani kama vitabu kwenye rafu. Zilikuwa zimekunjwa vizuri, kona zimenyooka, hazina hata mkwaruzo, na hakuna hata moja iliyoingia mahali pake. Zilikuwa trei za kubebea betri za umeme jua, za bamba la chuma lenye unene wa milimita 2, umbo la herufi U: kitako cha milimita 400 na kuta mbili za milimita 100 kila moja. Nafasi iliyokuwa ndani ya kabati ni milimita 402. Vitako vilitoka na 407.

Mchoro ulikuwa wangu. Nilikuwa na miezi minne tangu niajiriwe kwenye karakana hiyo ya Dar es Salaam, nimetoka chuo na cheti changu, na nilifanya hesabu ambayo mtoto wa darasa la tatu angeifanya: 100 na 400 na 100 ni 600. Nikaandika 600 kuwa urefu wa bamba kabla ya kukunjwa, nikachora mistari miwili ya kukunjia, nikaweka jina langu kwenye kisanduku cha chini kulia palipoandikwa "Amechora". Pembeni yake kuna kisanduku cha "Amekagua" na kingine cha "Ameidhinisha". Cha aliyekunja hakipo, na hadi siku ile sikuwa nimewahi kuona kwamba hakipo.

Asubuhi, mzee anayeendesha mashine ya kukunjia alikuja mezani kwangu na karatasi mkononi. Ni mtu wa umri wa baba yangu, na karakana nzima humwita Mzee tu. Nilimwamkia, akaitikia, kisha akauliza, "Injinia, hii 600 umeipata wapi?" Nikamjibu bila kuinua macho kwamba imetoka kwenye kompyuta. Alisimama kidogo, akasema haya, akaondoka.

Alasiri bosi aliingia, akajaribu kuingiza trei ya kwanza, akajaribu ya pili, akaziangalia zile nyingine ukutani. Kisha akauliza, "Nani amekunja hizi?" Hakuuliza nani amechora. Mzee akasema, "Mimi." Akakatwa ujira wa siku mbili. Nilikuwa nimesimama hatua tatu kutoka hapo na sikusema neno.

Nitarudi kwenye kimya hicho. Kwanza hizo milimita 7, kwa sababu usiku ule nilikaa kuzitafuta na nikajikuta nimefika Italia ya karne ya 17.

*

Chukua ndala kuukuu uikunje katikati. Upande wa nje mpira unavutika, na kama ndala imechoka utaona nyufa zinafunguka. Upande wa ndani mpira unabanwa na kujikunjakunja. Sasa, kama nje kumerefuka na ndani kumefupika, lazima katikati ya unene wake kuwe na mahali ambapo hapakurefuka wala kufupika. Chuma ni hivyo hivyo, ingawa jicho halioni. Ndani ya bamba la milimita 2 kuna mstari ambao urefu wake haubadiliki, likiwa limetandazwa au likiwa limekunjwa. Anayechora bamba la kukunjwa anautafuta mstari huo. Urefu wa bamba kabla ya kukunjwa ni urefu wa mstari huo, basi. Vipimo vya nje havihusiki, kwa sababu nje kumevutika, na mimi nilikuwa nimejumlisha nje.

Swali la mahali mstari huo ulipo ndani ya unene liliwachukua watu wenye akili nyingi kuliko mimi karibu miaka 190.

Mwaka 1638 Galileo Galilei, mzee, amefungiwa nyumbani kwake Arcetri kwa amri ya Kanisa, alichapishiwa kitabu chake cha mwisho huko Leiden, Uholanzi, mbali na mkono wa wakaguzi wa Roma. Ndani yake kuna mchoro maarufu: boriti imechomekwa kwenye ukuta uliobomoka, nyasi zimeota juu ya mawe, na mwishoni mwa boriti kuna ndoano iliyoning'inizwa jiwe. Galileo alitaka kujua boriti itavunjika kwa uzito gani. Alijibu kwamba boriti itageukia kwenye ukingo wake wa chini, pale inapokutana na ukuta, na kwamba nyuzi zote zilizo juu ya ukingo huo zinavutwa kwa nguvu sawa. Kwa maneno mengine, kwake mstari usiovutika ulikuwa chini kabisa, kwenye ngozi ya boriti, na hakuna kinachobanwa popote. Hesabu yake inaipa boriti ya mstatili nguvu mara 3 ya ile iliyonayo kweli.

Nasema hili bila kumdharau. Alikuwa anafikiria kuvunjika, hakuwa anafikiria kukunjika, na ndiye wa kwanza kulifanya jambo hilo kuwa hesabu. Kinachonisumbua ni jinsi kitabu hicho kinavyoanza. Kinaanza kwenye Arsenal ya Venice, karakana kubwa ya meli, na mmoja wa wazungumzaji wake anawasifu mafundi wa pale, anasema mtu anayependa kufikiri ana mengi ya kujifunza kwao. Wapo mafundi waliokuwa wanakunja mabamba ya risasi na shaba kila siku katika miji ile. Kipande cha risasi kilichokunjwa kinaonyesha upande wa ndani umefura na kubanwa. Hakikuingia kitabuni.

Edme Mariotte wa Paris, aliyehitaji kujua uimara wa mabomba ya maji ya kasri la Versailles, alivunja fito za mbao na za kioo na kugundua kwamba hesabu ya Galileo inatia chumvi. Aliona kwamba upande mmoja unavutwa na mwingine unabanwa. Kisha akakosea kwenye kujumlisha. Kitabu chake kilitoka mwaka 1686, miaka miwili baada ya kufa kwake. Wa kwanza kupata jibu kamili alikuwa Antoine Parent, Mfaransa mwingine, mwaka 1713. Lakini Parent alilichapisha katika vijitabu vyake mwenyewe, vilivyojaa makosa ya uchapaji na vigumu kusomeka, wala hakuwa mtu wa kupendwa na wakubwa wa elimu wa siku zile. Jibu sahihi likakaa pale, limechapwa, linapatikana, na karibu hakuna aliyeliona.

Mwaka 1773 Charles-Augustin Coulomb, yule yule wa sheria ya umeme tuliyofundishwa sekondari, aliwasilisha jibu hilo tena mbele ya Akademia ya Sayansi ya Paris. Alikuwa mhandisi wa jeshi na alikuwa ametoka kukaa karibu miaka minane katika kisiwa cha Martinique akisimamia ujenzi wa ngome. Alichoandika ni daftari la mtu wa kazi: nguvu zinazovuta lazima zilingane na nguvu zinazobana, basi mstari unaotafutwa ni pale zinapobadilishana. Hata baada ya hapo jambo halikutulia. Claude-Louis Navier, ambaye vitabu vya uhandisi vinampa heshima ya kanuni hii, alifundisha darasani mwaka 1819 akiwa bado ameuweka mstari mahali pasipo pake, akajirekebisha katika kitabu chake cha 1826. Kwa boriti ya mstatili, alisema, mstari uko katikati kabisa.

Kama ningemsikiliza Navier siku ile, ningeandika nini? Mkunjo wa pembe mraba ni robo ya duara. Nusu kipenyo cha ndani cha mikunjo yetu ni milimita 2, na katikati ya unene ni milimita 1 zaidi, jumla 3. Robo ya duara la nusu kipenyo cha 3 ni 4.71. Vipimo vya nje vinavyokutana kwenye kona, kwa upande wake, vimehesabu milimita 4 kila upande, yaani 8. Kila kona imekuzidishia 3.29. Kona mbili ni 6.58. Bamba lilipaswa kuwa 593.4. Mtu aliyekufa mwaka 1836 angeokoa trei zangu zote.

*

Lakini kabla ya urefu kuna swali jingine ambalo sisi wachoraji wa kompyuta tumelisahau kwa sababu programu inatujibia: umbo lenyewe linatandazika?

Mwaka 1525, mjini Nuremberg, mchoraji Albrecht Dürer alichapisha kitabu cha kupima kwa rula na bikari. Baba yake alikuwa sonara, naye mwenyewe alianza kujifunza kazi hiyo kabla ya kushika brashi. Kitabu alikiandika kwa Kijerumani badala ya Kilatini ili vijana wa karakana wakisome. Ndani yake kuna kurasa ambazo ukiziona leo utadhani ni michoro ya kiwanda cha maboksi: maumbo ya pande nyingi yamefunguliwa na kulazwa chapa, kila uso umeshikana na jirani yake kwenye ukingo, tayari kukatwa na kukunjwa. Kwa kadiri ya vitabu vilivyochapwa, huo ndio mwanzo wa mchoro bapa ninaouchora kila siku. Dürer alichora karatasi, na karatasi ni nyembamba kiasi kwamba mstari usiovutika haumsumbui mtu. Tatizo langu la milimita 7 kwake halikuwepo.

Baadaye, Leonhard Euler, wakati huo macho yake yakiwa yamekaribia kuzima kabisa, alitoa mwaka 1772 andiko kuhusu miili ambayo ngozi yake inaweza kulazwa bapa bila kuchanika wala kuvutwa. Silinda inakubali. Pia inakubali. Tufe halikubali, na ndiyo maana tranka linakunjwa lakini sufuria lazima ifinyangwe kwa nyundo au kwa mashine inayouvuta uso wake.

Halafu kuna Gaspard Monge, ambaye kisa chake nakipenda na kukichukia. Baba yake alikuwa mchuuzi katika mji wa Beaune. Kijana alikuwa na kipaji cha kuchora, akachukuliwa katika chuo cha wahandisi wa kijeshi cha Mézières, lakini mtoto wa mchuuzi hakuweza kuwa ofisa. Aliwekwa kwa wachoraji na watengeneza vielelezo vya plasta, mahali palipodharauliwa. Siku moja akapewa hesabu ya kupanga kuta za ngome zisipigwe na mizinga ya adui, kazi iliyokuwa ikichukua muda mrefu mno. Alirudi na jibu mapema sana. Inasimuliwa kwamba ofisa mwenyewe mwanzoni alikataa hata kuliangalia: haiwezekani mtu amalize haraka hivyo. Njia yake, ya kuonyesha kitu cha pande tatu kwa kukitazama kutoka juu na kutoka mbele na kuunganisha picha hizo kwa mistari, ilipoeleweka ikafanywa siri ya jeshi. Kwa miaka mingi Monge hakuruhusiwa kuifundisha nje. Ni baada ya Mapinduzi ya Ufaransa, mwaka 1795, ndipo alipoifundisha hadharani mjini Paris, na kitabu kikatoka mwaka 1799.

Kwa hiyo ile picha tatu kwenye karatasi, mbele, juu na ubavuni, ambayo mwalimu wa ufundi anakuadhibu ukiikosea, iliwahi kuwa kitu ambacho mtu wa kawaida hakutakiwa kukijua. Na aliyeileta alikuwa amekaa chumba cha mafundi.

*

Aliyesoma shule ya bweni anajua tranka. Nairobi wanaita sanduku. Mwanzo wa mwaka wazazi wanakwenda nalo kichwani au juu ya basi, bati jipya linang'aa, kufuli linaning'inia, jina limeandikwa kwa rangi nyeupe. Wengi wa Kenya walinunuliwa Kamukunji, soko la mafundi wa jua kali ambalo unalisikia kabla ya kuliona: nyundo mamia kwa pamoja, juu ya vipande vya reli vinavyotumika kama fuawe. Kenneth King, aliyeandika kuhusu mafundi hawa katika kitabu cha 1977, anaeleza jinsi ujuzi ulivyohama kutoka kwenye karakana za Wahindi hadi kwa vijana Waafrika waliofanya kazi humo, kisha wakatoka, wakaketi chini ya jua na kuanza vyao.

Watu husema mafundi hao hawatumii michoro. Nimewahi kulisema mimi pia, kwa sauti ya mwenye cheti. Lakini angalia jiko la mkaa lenye kiuno, lile lenye udongo ndani lililoenea kutoka Kenya tangu mwanzo wa miaka ya 1980. Gamba lake la bati ni pia mbili zilizokatwa vichwa na kukutanishwa kwenye kiuno, moja imepanuka kwenda juu na nyingine kwenda chini. Ukilifungua gamba hilo na kulilaza, kila nusu inakuwa tao pana, kama kipande cha ukingo wa sinia kubwa. Kulipata tao hilo kwa hesabu unahitaji kurefusha ubavu wa pia mpaka uifikie ncha yake isiyokuwepo, upate nusu kipenyo mbili, kisha pembe. Fundi hafanyi hivyo. Ana kiolezo: tao la bati gumu, limetobolewa tundu la kuning'inizia. Analiweka juu ya bati la pipa la mafuta lililopasuliwa na kunyooshwa, anazungusha msumari pembeni yake, anakata kwa mkasi wa bati. Kiolezo kina nyongeza ya pindo la kuungia pande zote mbili, kwa sababu aliyekitengeneza mara ya kwanza alikosea akaongeza, akakosea tena akapunguza.

Hapo mchoro upo, ila umechorwa kwenye bati badala ya karatasi. Makosa yote yameshalipiwa na mtu, na hakuna kisanduku cha jina lake pia.

*

Rudi kwenye mstari. Navier aliuweka katikati, na kwa boriti inayopinda kidogo na kurudi yuko sahihi. Bamba la kukunjwa halirudi. Linasukumwa kupita mpaka wake, linabaki lilivyokunjwa, na kadiri mkunjo ulivyo mkali ndivyo bamba linavyokonda pale kwenye kona na mstari unavyosogea upande wa ndani. Hesabu safi ya kuujua umefika wapi ni ngumu, kwa sababu inategemea chuma, unene, na hata upana wa mfereji wa chuma cha chini ambamo bamba linasukumwa.

Waliolazimika kulijibu swali hili kwa wingi ni watengenezaji wa ndege, tangu ngozi ya ndege ilipokuwa bati linalobeba mzigo badala ya kitambaa. Kitabu cha mafunzo ya mafundi wa ndege cha mamlaka ya anga ya Marekani kina kanuni ambayo mwanafunzi hukariri bila kuuliza: kwa kila nyuzi moja ya pembe, zidisha nusu kipenyo kwa 0.01743, zidisha unene kwa 0.0078, jumlisha. Ile tarakimu ya kwanza ni pai gawanya kwa 180, ikiwa imepunguzwa kidogo. Ya pili ndiyo yenye habari. Kama mstari ungekuwa katikati kabisa, ingekuwa karibu 0.0087. Tofauti hiyo ndogo inasema mstari uko kwenye asilimia 45 hivi ya unene, ukihesabu kutoka ndani. Kitabu hakidai kimeipata kwa nadharia. Kinasema wazi kwamba wahandisi waliipata kwa kukunja metali halisi na kupima.

Nilipofika hapo ilikuwa saa saba za usiku. Programu niliyokuwa nayo ina sehemu ya kujaza namba hiyo, na kiwandani kwao wameijaza 0.44, au 0.5, au 0.33, kutegemea umenunua ya nani. Watu wanaiacha kama ilivyokuja. Mimi hata sikuwa nimeifungua sehemu hiyo. Nilichora mistari mitupu kana kwamba ni karatasi ya Dürer. Na nilimwambia Mzee imetoka kwenye kompyuta.

*

Asubuhi nilikwenda kwa bosi na mchoro. Nikamwambia kosa ni langu, bamba lilipaswa kuwa 593, si 600, na aliyekunja alifuata karatasi. Bosi aliuangalia muda mrefu. Nadhani alikuwa anaangalia kisanduku cha tatu, chenye sahihi yake. Mwishowe akasema siku mbili za Mzee zirudishwe, zikatwe kwangu. Aliyeidhinisha hakukatwa kitu.

Nilimfuata Mzee kwenye mashine. "Shikamoo, Mzee. Nimeongea na bosi."

"Marahaba. Nimesikia." Akaendelea kufuta mafuta kwenye chuma cha juu. "Ungesema jana."

Sikuwa na jibu. Baada ya muda nikamuuliza yeye angekata ngapi. Akasema 592. Nikamuuliza ameipataje. Akachukua trei moja, akaonyesha kwa futi kwamba vipimo vinavyotakiwa ni vya ndani, si vya nje: ukuta 98, kitako 396, ukuta 98. "Sisi tulifundishwa kupima ndani," akasema. "Wewe umepima nje. Nje kunadanganya." Hakujua kwa nini inafanya kazi, na aliyemfundisha hakumwambia, ila inafanya kazi kwa bamba jembamba na mkunjo mkali. Nilipiga hesabu kichwani. Yeye 592, Navier 593.4, mafundi wa ndege 593.1. Wote wamepishana kwa milimita moja na nusu. Mimi peke yangu nilikuwa mtaa mwingine.

"Nani kati yao ana haki?" nilimuuliza, nikiwa nimemweleza habari za Wafaransa, au nimejaribu. Akacheka. Akakata ukanda wa bamba lile lile la milimita 2, urefu wa 100 kamili, akanipa nipime kwa kalipa. 100.0. Akauweka kwenye mashine, akakanyaga. Chuma cha juu kilishuka, ukanda ukapita pembe mraba kidogo, kisha alipoachia ukarudi wenyewe hadi kwenye nyuzi 90. Nikapima mguu wa kwanza kwa nje, 51.7. Wa pili, 51.9. Jumla 103.6.

Kila mkunjo, kwenye mashine ile, kwa bamba lile, unakuzidishia milimita 3.6. Mikunjo miwili 7.2. Bamba la trei lilipaswa kukatwa 592.8. Ndege walikuwa karibu kuliko Mzee, kwa nusu milimita hivi, lakini siku ile Mzee alikuwa na haki ya kujivuna na akajivuna. Nilirudisha hesabu kinyume ili nipate mstari umekaa wapi: asilimia 40 ya unene. Nikaijaza kwenye programu.

Tulirudia kwa bamba la milimita 1, la 1.5 na la 3. Tulirudia tukiwa tumelaza mstari wa mkunjo kufuata mshipa wa chuma, kule ulikovutwa kiwandani, na wa milimita 3 ukapasuka nyufa nyembamba mgongoni. Tukatoboa tundu karibu na mstari wa mkunjo tuone, likawa yai. Mzee ndiye aliyetaka tujaribu tundu. Alikuwa amekunja mamia ya mabamba yenye matundu ya namna hiyo, amejua yataharibika, na hakuna mchoraji aliyemuuliza. Tangu siku hiyo mchoro wangu wa bamba una mshale wa mshipa, una mkunjo ulioandikwa "juu" au "chini", una nusu kipenyo cha ndani, na tundu lolote limekaa mbali na mkunjo. Kabla sijatia jina naupeleka kwanza kwenye mashine. Kwenye kiolezo cha kampuni niliongeza kisanduku cha nne, "Amekunja". Bosi aliuliza ni cha nini, nikasema ni cha kumbukumbu, akaacha.

Namba zote tuliziandika kwa chaki ukutani, juu ya mashine: unene upande wa kushoto, ziada upande wa kulia. 2, 3.6. Zilikaa pale karibu mwaka. Kisha chuma cha chini kilichakaa, kikaletwa kingine chenye mfereji mpana kidogo. Siku hiyo hiyo Mzee aliniita. Alikuwa ameshafuta ukuta kwa kitambaa na ukanda wa 100 uko mkononi mwake. Tukaukunja. Ukatoa 104.